Pua ya Kuazima

Wifi yangu akilikaribia lundo lake la mbolea, utadhani anaingia chumba cha mgonjwa. Anapunguza mwendo, anaweka ndoo chini taratibu, anasimama kidogo. Halafu anachota konzi moja, anaiminya, anafungua kiganja na kuangalia. Mimi na haraka zangu humpigia kelele kutoka dirisha la jikoni: "Wifi, hicho ni kinyesi cha kuku, si mtoto mchanga!" Naye hujibu bila hata kugeuka: "Na nyanya unazokula wewe zinatoka wapi, kwa mjomba wako?"

Ndivyo tunavyoishi. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, na nyumba yake ndogo iko uani kwetu, mlango wake unatazamana na mlango wa jikoni kwangu. Tangu niolewe tumegombana kuhusu kamba ya nguo, tumegombana kuhusu bomba, tumegombana kuhusu nani kaacha geti wazi kuku wakatoka. Mtaani wanamwita Mama Mvuke, maana asubuhi za baridi lundo lake hufuka mvuke kama sufuria ya chai na wapita njia husimama kuchungulia. Ana ulimi mkali, ana mikono mikubwa, na kuomba radhi hajui. Lakini niseme mapema msije mkanielewa vibaya: sijaona mtu anayeijua kazi yake kama yule mwanamke, na sidhani kama nitamwona mwingine.

Alipofiwa na mume alirudi hapa nyumbani kwao na sanduku moja la nguo. Kila mtu alitegemea akae alie. Akalia, ndiyo, tena sana, halafu akamwomba kaka yake mabati chakavu akajenga banda. Akaanza na kuku wachache wa mayai. Kwa seremala wa mtaa akaenda na toroli kuomba maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayodondoka fundi akipiga randa, akayatandaza bandani kuku walalie. Wafugaji wengi uchafu wa banda huutupa jalalani, wakajiona wamemaliza usafi. Yeye alikataa. Alisema kuku anakupa mayai kwa mkono mmoja na bustani kwa mkono mwingine, na mjinga ndiye anayepokea kwa mkono mmoja.

Basi yale maranda yakishaloa na kuchanganyika na kinyesi, anayakokota nje. Anayapanga kwenye kona ya ua pamoja na majani makavu, anayanyunyizia maji, anafunika na turubai. Katikati ya lundo anachomeka kipande cha nondo. Akikichomoa akashindwa kukishika kwa moto, siku hiyo huimba. Lundo likipoa, analigeuza kwa uma, la nje liingie ndani na la ndani litoke nje, nalo linapata moto upya. Anafanya hivyo tena na tena mpaka lundo lenyewe ligome kupata moto, na hapo bado haligusi. Analiacha likae, likae, mpaka huwezi kujua lipi lilikuwa randa na lipi lilikuwa kinyesi, limekuwa kitu cheusi, laini, kinachomeguka mkononi. Hiyo sasa ndiyo mboji, na hiyo ndiyo inayokwenda bustanini.

"Kinyesi kibichi ni kama hasira," husema. "Ukikipeleka kwenye miche siku hiyohiyo, utaunguza kila kitu."

Mume wangu aliwahi kumwona anajichosha bure. Akabeba ndoo nzima ya uchafu mbichi wa bandani akaimwaga kwenye miche yake ya bilinganya. Loo! Ile miche ilikauka kama imepitiwa na pasi. Mpaka leo akipita bustanini dada yake humwuliza kwa upole kabisa, "Bilinganya hazijambo, kaka?"

Nanyi mkiiona bustani yake mtanyamaza. Mchicha wenye majani mapana, vitunguu vimejipanga mistari, nyanya zinazovunja vijiti kwa uzito. Watu hununua, husifia, huuliza anatumia mbegu gani. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa, moto wa lundo utaupima kwa nondo, na unyevu utaupima kwa kiganja: minya konzi, yakitoka matone mawili matatu inatosha, yakichuruzika umeharibu. Lakini lundo likianza kuharibika, pua ndiyo inayojua kwanza. Kinyesi kikizidi maranda, inatoka harufu ya kuchoma inayotoa machozi. Maji yakizidi hewa ikakosekana, linanuka yai viza. Harufu mbili, dawa mbili. Wifi yangu alikuwa akifungua mlango asubuhi ananusa mara moja tu, bado hajapiga hata mswaki, anajua kama lundo lake limelala salama.

Halafu akapata mafua. Mafua gani yale! Alilala ndani wiki nzima, mimi nikawa ndiye wa kulisha kuku na kumpelekea uji, huku ananilalamikia uji hauna sukari. Akapona, akatoka, akarudi kwenye kazi zake, tukashukuru.

Siku moja nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikakimbilia kwake. Sufuria ya maziwa iko jikoni, maziwa yamekauka, yameshika chini meusi, na yeye amekaa kwenye kiti hatua chache tu kutoka hapo, amegeuzia jiko mgongo, anachambua mbegu za mchicha.

"Wifi! Maziwa!"

Akageuka. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi. Sikuwahi kuuona uso wake ukiwa vile.

"Sinusi," akasema. "Tangu mafua. Sinusi kitu chochote."

Alikuwa ameshajaribu kila kitu. Alikuwa amefukiza majani, amenusa vitunguu, amenusa mafuta ya taa. Hakuna. Akanieleza kwamba chakula kimekuwa kama kutafuna boksi, na kwamba asubuhi akifungua mlango ni kama kufungua mlango wa nyumba ya watu. Nikamwambia itarudi. Akaniambia nisimwambie mtu, hata kaka yake.

Na hapo ndipo balaa lilipochagua kuingia. Ng'ambo ya ukuta wetu kuna fundi cherehani, mwanamume mwembamba mwenye tepu shingoni saa zote, mtu safi mpaka anakera. Dirisha la chumba chake cha kushonea linatazama uani kwetu. Fundi huyu ana pua, jamani! Anaweza kukwambia umepika nini jana. Miaka yote alikuwa ananung'unika kidogokidogo, wifi anamjibu vibaya, yanaisha. Lakini mara hii lundo lilinuka kweli, siku baada ya siku, na mwenyewe anapita karibu yake anaimba. Bibi harusi mmoja akaenda kujaribu gauni, akalinusa gauni, akaliacha palepale. Fundi akavaa viatu vyake, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti akaja getini, hata hakuingia. Alikuwa mzee wa maneno machache. Akamwambia wifi, "Mama, mwisho wa mwezi nitakuja mwenyewe. Nikisikia harufu mbaya, kuku wataondoka na lundo litaondoka. Sitaki kuwaona majirani wanachukiana."

Akaondoka. Wifi akaingia ndani akafunga mlango.

Kumwambia yule mwanamke aondoe kuku ni sawa na kumwambia arudi kwenye lile sanduku la nguo. Lile banda ndilo lililomnyanyua. Bila kuku hakuna lundo, bila lundo bustani ile ni mchanga mtupu, na yeye anabaki kuwa dada wa mtu, anakaa uani kwa mtu. Ndivyo alivyoliona yeye, na mimi nililiona hivyohivyo. Nililia nikiosha vyombo, na sisemi hivyo ili mnihurumie. Atalitunzaje lundo lisinuke, mtu ambaye hanusi?

Kesho yake asubuhi nikamwona anatoka. Amejifunga kitambaa safi, amepaka mafuta. Mikono mitupu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Fundi."

"Kumtukana?"

"Kumwomba."

Nilidhani mafua yamempanda kichwani. Nikamwambia basi angalau achukue trei ya mayai. Akasema, "Nikimpelekea mayai atasema nimekuja kuihonga pua yake." Akaenda. Na mimi, niseme ukweli, nikapanda juu ya ndoo nikachungulia ukutani.

Fundi alikuwa anafungua mlango. Alipomwona akajikunyata kama anayesubiri kupigwa.

"Fundi," wifi akasema, "umenishitaki, na ulikuwa na haki. Sikujua kama kunanuka. Mimi pua imekufa. Sinusi kinyesi, sinusi ua, sinusi hata moshi."

"Unanitania, mama."

"Mimi na wewe tuna utani gani? Sikiliza. Mtaa mzima hakuna pua kama yako. Naomba unusie kwa niaba yangu. Kila asubuhi kabla hujafungua kazi, njoo ukutani, nusa, uniambie ukweli. Ikichoma macho sema inachoma. Ikiwa yai viza sema yai viza. Ukiniambia, najua la kufanya. Mficha uchi hazai, na mimi uchi wangu ndio huo."

Fundi akashika tepu yake kwa mikono miwili, akaivuta huku na huku. Mtu amejiandaa kwa matusi, amepewa heshima, atafanya nini?

"Na siku isiponuka?" akauliza.

"Siku hiyo utaniambia asubuhi njema kama watu wengine."

Basi ikaanza. Mimi nilikuwa jikoni nasikia yote. Sauti kutoka ng'ambo: "Inachoma!" Wifi anachukua toroli anakwenda kwa seremala, anarudi na maranda makavu, anachanganya. Kesho yake: "Inachoma, lakini kidogo!" Anaongeza majani. Halafu siku moja: "Asubuhi njema, mama." Wifi akasimama na uma mkononi akatabasamu peke yake.

Msidhani kwamba walikuwa marafiki. Fundi hakumpunguzia hata tone. Lundo likifuka mvuke anasema, "Leo mnanikosesha hamu ya chai," na wifi anamjibu, "Wewe hamu ya chai haijawahi kukutoka, tazama ulivyo mwembamba, chai yote inaenda wapi?" Lakini lile lundo lilitulia. Wifi aliisikiliza ile pua kama daktari anavyosikiliza kifua. Akiambiwa kitu kimoja tu, anajua ni upande gani pamejaa, ni wapi hewa haipiti, ni upande upi juzi aliweka maji mengi. Kile ambacho pua yake ilikuwa inamwambia kwa mara moja, sasa alikijenga vipandevipande, kwa neno la mtu, kwa kiganja, kwa nondo, kwa kukumbuka. Mimi nilikuwa nimeishi naye uani miaka yote ile nikidhani kazi yake ni pua. Kumbe pua ilikuwa mlango tu.

Siku mbili kabla ya mwenyekiti kuja, usiku, mvua ikanyesha. Si mvua, gharika. Upepo ukang'oa turubai ukalitupa juu ya banda, na maji ya bati yote yakamiminikia lundoni. Kulipokucha Fundi alifika ukutani. Akapiga chafya.

"Sema," wifi akasema.

"Yai viza. Mama, yai viza la kufa mtu."

Mimi nikasema tutafute mkokoteni, tulibebe lundo lote tukalimwage mbali, mwenyekiti akija akute ua mweupe. Mume wangu, maskini, alileta chupa ya marashi. Ndiyo, marashi! Kuyanyunyizia. Dada yake alimtazama mpaka akairudisha ndani mwenyewe.

"Lundo halifichwi," akasema. "Linatibiwa. Leteni makoleo."

Tukalifumua lote. Nawaambia, ilikuwa kazi ya punda. Tope linanata, harufu inapanda mpaka kwenye ubongo, mimi nimejifunga mtandio usoni nimebaki macho. Yeye peke yake alikuwa hajafunga kitu. Kila kinachotoka kikiwa kimeloa sana anakianika, kila kilicho na uhai anakirudisha kwa tabaka na maranda makavu, tabaka na majani, bila kushindilia, hewa ipite. Maranda yakaisha. Seremala akaleta mengine, akasema ya bure, kisha akakimbia kwa harufu.

Kufika mchana tukasikia geti. Fundi huyo! Amefunga duka, amekunja suruali mpaka magotini, tepu bado shingoni. Hakushika koleo, wala hatukumwomba. Alisimama katikati ya ule uchafu, mtu yule msafi, akawa anainama kwenye kila fungu. "Hili limepona. Hili bado. Hapo chini, mama, hapo chini ya mkono wako wa kushoto, hapo ndipo penyewe." Na wifi anachimba palepale anapoelekezwa, anatoa donge jeusi linaloteleza, anacheka. Anacheka! Giza lilitukuta tunafunika turubai, na tulilifunga kwa mawe na kamba.

Kesho yake mwenyekiti alikuja mapema. Mara hii akaingia mpaka ndani. Tukajipanga pale kama watoto wa shule, mimi, mume wangu, wifi. Fundi naye aliitwa kwa sababu ndiye mlalamikaji. Mwenyekiti akalizunguka lundo, akasimama, akavuta pumzi. Mimi mwenyewe nilinusa: udongo, mbao mbichi, na kwa mbali sana, kitu kidogo kingine. Nikamwomba Mungu mwenyekiti asikisikie.

"Fundi," mwenyekiti akasema. "Wewe ndiye uliyekuja kwangu. Kunanuka au hakunuki?"

Fundi akainama upande mmoja, akainama upande wa pili. Alichukua muda wake, mtu huyu.

"Kunanuka kidogo," akasema.

Ningekuwa karibu ningemkaba na tepu yake.

"Kona ile ya bomba," akaendelea. "Kuna yai viza kidogo limebaki. Jana lilikuwa lote hivyo. Kesho halitakuwepo."

"Umejuaje ya kesho?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayenusa, na yeye ndiye anayetibu. Yeye mwenyewe hanusi kabisa, mwenyekiti. Kila asubuhi namwambia kilichopo, na kesho yake kimepungua. Haijatokea nikamwambia akakaa bila kufanya kitu. Wapo wenye pua zao mtaani hapa na majalala yao yanatushinda."

Mwenyekiti akamgeukia wifi. "Hunusi?"

"Sinusi, mwenyekiti. Na ile kona anayoisema ni kweli. Jana giza lilitukuta tukaifunika haraka. Nitaifumua leo."

Mzee yule akageuka. Akaitazama ile kona, akaitazama bustani, akamtazama Fundi na suruali yake yenye tope ambalo halikutoka lote. Kisha akasema, "Basi kuku wabaki. Siku Fundi atakaporudi ofisini kwangu, nitakuja na mkokoteni. Asiporudi, sina kazi hapa." Akapewa nyanya, akazikataa, akapewa tena, akazipokea.

Mume wangu alimsindikiza hadi barabarani. Mimi woga ulikuwa bado haujanitoka, na nikiogopa ulimi haukai. Nikamgeukia Fundi. "Wewe mtu! Ulishindwa kulimeza neno moja? Moja tu! 'Hakunuki', basi, tumemaliza. Ungekufa?" Fundi akasema kuna suruali ya mteja inamsubiri, akaondoka zake.

Nikamgeukia wifi, ambaye tayari ameshashika uma na anaelekea kwenye ile kona ya bomba. "Na wewe! Pua zote zilizojaa mtaani ukamchagua yule, adui yako, mtu aliyekushitaki! Mimi niko hapa mlango kwa mlango. Pua ninayo. Kwa nini hukuniomba mimi?"

Nililisema kwa ukali, maana lilikuwa limeniuma tangu siku ya kwanza.

Akasimama. Akaegemea uma wake, akanitazama bila utani.

"Wewe unanipenda," akasema. "Umesikia ulivyomwambia Fundi sasa hivi? Kwamba alimeze. Wewe ungelimeza, wifi. Kila asubuhi ungelimeza na kuniambia hakunuki, ili nisiumie, mpaka siku wanakuja kuchukua kuku wangu."

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kumwachia neno la mwisho tangu niolewe. Nikatafuta jibu, na lililokuwepo ni moja tu.

Ningelimeza. Hata leo ningelimeza.